Mkwaju Wenye X

Kathumulani, Kitui
9 Februari 2025

Mama Kalekye,

Gunia hili nimelifunga mwenyewe kwa kamba ya katani. Ukilikuta limefungwa kwa nailoni, ujue utingo wa basi amelifungua akajipakulia. Mwulize. Mwaka jana alikula ukwaju wa juu wote akasema ni panya.

Nusu nimeumenya, nusu uko na maganda yake kwa sababu vidole vimechoka. Huo ndio wa mwisho. Mwingine utaiva mwezi wa saba, kwa hivyo upime vizuri unapopika uji wako, usiwamwagie watu wa Kawangware kama maji ya mfereji.

Umeuliza kwa nini sishiki simu. Naishika. Nikiiweka sikioni nasikia kitu kama nyuki ndani ya debe. Masikio yangu yamekufa, mwanangu, la kulia kwanza, na tangu Krismasi hata la kushoto. Hapa kijijini sijamwambia mtu. Nilifundisha watoto wao chekechea miaka mingi, nikiwafinya masikio wasiposikia, na sasa niende kuwaambia ni mimi nisiyesikia? Mtu akiongea naangalia midomo yake, akimaliza nasema ii, ndiyo yetu ya Kikamba, na anaenda zake ameridhika. Wewe niandikie tu. Kikamba hukijui na Kiluhya chako sikiwezi, lakini Kiswahili tunacho, ingawa chako kinahitaji peni nyekundu. Barua iliyopita uliandika "hiyo gunia". Ni "hilo gunia". Nimesahihisha na kuweka.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuja kutusalimia zikarudi. Mahindi yalifika gotini yakakauka. Mbuzi wako hai kwa majani ya mkwaju na maganda yanayoanguka. Mimi nami sitakuficha: asubuhi nakunywa uji wa mtama wenye ukwaju, jioni nakunywa uleule. Usimwambie mume wako Urbanus.

Mkwaju ule ndio mume niliyebaki naye. Wa kwanza alikufa akaniacha na shamba lililokatika kwa korongo, na ni mizizi ya huu wa pili iliyolizuia korongo lisinifikie mlangoni. Ndio uliomlipia Urbanus shule. Mizinga yangu iko juu yake, kuni zinatoka kwake, mtoto akiendesha tumbo wanakuja kwangu kuomba majani. Kila kitu kingine hapa kimekufa au kimehamia Nairobi.

Mwambie mume wako anisalimie. Useremala wake unaendeleaje?

Mama Urbanus,
Kasyoka


Kongo, Kawangware
20 Februari 2025

Mwaitu, mama mpendwa,

Gunia limefika na kamba ya katani. (Nimeandika "limefika", umeona?) Utingo hakugusa. Nilimwangalia machoni akaangalia chini.

Uji wako ndio unanilisha. Pale stage ya matatu za 56 tuko wanawake wanne wa uji, na wote wanatumia ndimu ya unga ya dukani. Wateja wangu wanajua. Wanasema uji wa Vale unaamsha mtu. Kalekye pia anaamka saa kumi na moja kunisaidia kuosha vikombe kabla ya shule, na hajambo, anakusalimia wewe nyanya yake, susu.

Sasa nikwambie yaliyotupata, lakini usishtuke, imeisha. Mwezi uliopita watu wa barabara walipita na mkebe wa rangi nyekundu wakachora X kwa vibanda vyote upande wetu. Hawakuongea na mtu, ama waliongea na wale waliotaka, sijui. Mimi nilivyoona tu X kwa mbao zangu nikajua. Siku hiyohiyo nikang'oa kibanda mwenyewe, mabati, mbao, misumari yote, nikahamisha hadi kwa plot tunayoishi. Waithira wa saluni alinicheka. Alisema mwenye plot amemwahidi X yake itafutwa, akaongeza hata kioo kipya. Jumanne tingatinga likaja alfajiri. Waithira hakutoa hata kiti. Nilimpata amekaa juu ya vifusi na nywele za kusuka kwa mapaja. Amerudi kwao Nyeri.

Mimi nauzia kwa mkokoteni sasa. Si mbaya, Mwaitu.

Urbanus siku hizi analala Kibera sana, kazi iko huko. Useremala uko sawa.

Wako,
Valentine


Kathumulani
12 Machi 2025

Mama Kalekye,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, hasa pale pa X, na utaona kwa nini.

Jumatano iliyopita kijiji kilikuwa kitupu. Visima vya mtoni vimekauka na watu wote walikuwa wameenda na punda kuteka maji kwenye bomba la mbali, kule wanakolala foleni. Mimi nilibaki kwa sababu ya goti. Pikipiki tatu zikaja, vijana na msichana mmoja, fulana zao zote rangi moja. Walikwenda moja kwa moja hadi kwenye mkwaju. Wakauzungushia futi kamba, wakaupiga picha, wakachukua maganda makavu wakayatia kwenye bahasha. Halafu wakachora X nyekundu kwenye shina, urefu wa mkono wangu, na namba chini yake.

Msichana alinijia akaongea. Aliongea sana, Vale. Midomo yake ilikuwa myepesi kama ya mtu anayekula njugu, sikuipata. Alikuwa anatabasamu. Alionyesha mkwaju wangu kwa kidole, akaonyesha kwa jirani yangu Mulwa, akaonyesha huko kwingine bondeni, akanishika bega kama anayeniomba kitu. Nikasema ii. Akafurahi. Akanipa karatasi nitie sahihi, na miwani ilikuwa ndani, nikaona haya kumwambia angoje. Nikatia.

Watu waliporudi na maji walikuta X kwenye miti yao pia. Wote ni mikwaju, hakuna mgunga wala mti mwingine. Wakaniuliza hao watu walisema nini. Nikasema walipita tu, hawakusema kitu. Ningesema nini? Kwamba mwalimu alisomewa somo zima na hakusikia?

Wewe uko mjini, unazijua hizi alama. X hii ni ya nini? Mkwaju wangu uko pale pale pembeni ya njia ya magari.

Mama Urbanus,
Kasyoka


Kongo, Kawangware
19 Machi 2025

Mwaitu,

Keti kwanza ndio usome.

X ni moja tu, haina nyingine. Ni barabara. Hiyo njia yenu watapanua, na chochote chenye X kinaenda. Namba ni ya kuhesabu watakavyobomoa. Huyo msichana wa kutabasamu ndiye mbaya zaidi. Huku pia walikuja na tabasamu na futi kamba. Na ukitia sahihi umekubali.

Unakumbuka mimi na Urbanus tulivyoanza maisha, chumba kile cha Kibera? Hatujawahi kukwambia vile tulitoka. Ilikuwa X. Tukasema tungoje tuone, pengine watalipa. Nilikuwa na mimba ya Kalekye. Tulitoka na godoro na sufuria moja, na kitambulisho cha Urbanus kilipatikana na mtoto kwa mtaro. Kwa hivyo mimi X siisomi kwa kitabu, naijua kwa mwili.

Sikia ninavyokwambia, na unisamehe kwa sababu najua huo mti ni nini kwako. Ukate wewe. Usingoje tingatinga. Wakiukata wao watabeba shina, watabeba matawi, watakuachia shimo, na mti hauna karatasi ya kudai fidia. Ukiukata wewe utapata makaa, na makaa ya mkwaju ndiyo wanayoyatafuta watu wa nyama choma. Utanunua chakula cha kukutoa kiangazi hiki. Nimeongea na Urbanus, amesema yuko tayari kuja na watu wa msumeno hata kesho.

Mimi pia naumia. Bila ukwaju wako uji wangu ni kama wa wengine. Lakini afadhali tupoteze ukwaju tukiwa tumeshika kitu mkononi. Tutapanda mwingine.

Usifanye kama Waithira, tafadhali. Nakuomba.

Vale


Kathumulani
27 Machi 2025

Mama Kalekye,

"Tutapanda mwingine." Mkwaju unaoupanda leo utaanza kuzaa Kalekye akiwa na watoto, na mimi nikiwa udongo. Usiniandikie tena sentensi hiyo.

Nimekaa chini yake siku hizi zote. Nimejaribu kufuta rangi kwa mchanga na mafuta ya taa, haitoki, imeingia kwenye gamba. Ukwaju uko juu, wa kijani, matawi yameinama kwa uzito. Ulivyojaa hivyo katika mwaka kama huu, mwaka ambao hata miba imekauka, mimi mwenyewe sielewi. Nimefikiria nikuombe tungoje mwezi wa saba uive kwanza. Halafu nikamfikiria yule wa saluni na kioo chake kipya.

Nimefikiria pia nimwulize mtu. Lakini nimwulize nani? Nikienda kwa chifu ataongea nami kama wanavyoongea wote, haraka, akiangalia simu, na nitasema ii, na nitarudi nyumbani sijui nimekubali nini tena. Wewe ndiwe mtu pekee ninayemsikia siku hizi. Wewe umeiona X kwa macho yako mara mbili.

Basi. Mlete Urbanus. Sijamwona tangu mazishi ya shangazi yake.

Na umwambie asinikatie mbele ya macho.

Kasyoka


Kathumulani
9 Aprili

Vale, niaje.

Simu iko na chaji lakini hii siwezi kukuambia kwa simu, ungelia hapo mbele ya wateja. Ndio nimeandika, nampa utingo.

Mti uko chini. Ilichukua siku nzima na misumeno miwili, maze, huo mti ulikuwa mgumu. Mum alijifungia jikoni. Nilidhani kwa sababu hasikii itakuwa rahisi kwake. Lakini ulipoanguka ardhi ilitingika mpaka masufuria yakashuka kwa ukuta, so alijua. Akatoka na beseni akaanza kuokota ukwaju mbichi, moja moja, katikati ya matawi. Nikamwambia hiyo haiwezi kuiva tena. Aliendelea tu. Nyuki walizunguka pale juu mpaka jioni, mahali mti ulikuwa, halafu wakaenda.

Sasa shika roho.

Tukiwa tumeshafukia tanuri, kuna jamaa wa boda anaitwa Duncan, wa kule sokoni, alisimama akashika kichwa. Akaniuliza ni nani amekata mti mama. Nikamuuliza mti mama ni nini. Kumbe yeye ndiye alibeba wale watu wa rangi hiyo siku. Vale, hao si watu wa barabara. Ni watu wa mbegu. Wanazunguka Ukambani wakitafuta mikwaju yenye inazaa hata kiangazi, wanaichora X ndio isiguswe na mtu. Ukwaju ukiiva wanarudi kuchukua mbegu, na mwenye mti analipwa kila mwaka, miaka na miaka. X ni ya kulinda. Hapa Kathumulani walichora kumi na moja, na wetu ndio ulikuwa namba moja. Duncan anasema walisimama chini yake wakipiga makofi.

Na walieleza. Walimpata mum peke yake, wakamwelezea yote, wakamwomba aambie majirani. Akasema ii, akasaini.

So huku hakuna mwenye anajua. Nimemwambia Duncan anyamaze, anakaa mbali hata hivyo. Mum asijue, Vale. Jana amenipikia uji wa huo ukwaju mbichi, mkali mpaka meno yanauma, akaniambia mke wangu ana akili kuliko sisi sote. Ungemwambia nini hapo?

Nakuja na makaa Jumapili. Na mum bado anadhani mimi ni seremala. Hiyo pia tuiache hivyo.

Urbanus


Kawangware
14 Aprili 2025

Urbanus,

Simu yako ni mteja hapatikani tangu juzi, kwa hivyo naacha hii na kijana wa kibanda chako cha makaa hapo Laini Saba. Usijifanye hukuipata.

Ni mimi. Usiseme ni sisi, ni mimi. Yeye aliniuliza X ni ya nini, kuuliza tu, na mimi nikajibu kama mtu aliyeichora. Sikumuuliza hata mtu mmoja. Ningepiga simu moja tu kwa chifu wenu. Lakini nilikuwa na uhakika, Urbanus, sijawahi kuwa na uhakika hivyo na kitu chochote, hata na wewe. Nilikuwa nasikia tingatinga nikiandika.

Na wewe ulikuwa mwepesi kukubali. Hukuuliza swali. Makaa ya mkwaju yanaenda bei gani huko Kibera? Usinijibu. Na usiniletee hata debe moja, nitapika uji na stima ikibidi.

Nimeanza kumwandikia ukweli kila usiku. Naandika "Mwaitu" halafu mkono unagoma. Yeye amenisikiliza mimi kwa sababu hana mwingine wa kumsikiliza. Nikimwambia nilimpoteza mti wake kwa kiherehere, atabaki amsikilize nani? Na nikimwambia walimweleza yote, kwamba yule msichana alimweleza vizuri kabisa na ni masikio yake, hiyo nayo si ndiyo itamuua? Hakuna mahali pa kuanzia ambapo sitamchoma.

Kitu moja tu inanipa usingizi. Ile kumi iliyobaki bado imesimama. Hao wa mbegu wakirudi mwezi wa saba watawaeleza majirani wenyewe, na watalipwa. Hapo nitakuwa nimepata maneno. Nitaenda mwenyewe na basi, nimpigie magoti. Mpaka hapo tunyamaze kama ulivyosema.

Vale


Kathumulani
4 Mei 2025

Mama Kalekye,

Mvua ilikuja, siku moja, kubwa, kama mtu aliyemwaga beseni kwa hasira. Korongo limesogea. Pale mizizi ilipokuwa imeshika sasa udongo unaanguka vipande vipande, na choo kimeinama. Nimefunga mbuzi upande wa pili wa nyumba. Nilikuwa na watano, nimeuza watatu kwa sababu hakuna cha kuwapa. Wawili waliobaki wanakwenda kila asubuhi hadi kwenye kisiki na kusimama pale.

Hela ya makaa ilinunua mahindi, lakini huku mahindi yamekuwa kama dhahabu na gunia halikukaa. Usiniletee huruma. Nakwambia tu ujue hesabu ya mwalimu imekwenda hivyo.

Nyumba ina joto ambalo sijawahi kulijua. Miaka yote nilidhani nyumba yangu ni ya baridi kwa sababu marehemu aliijenga vizuri. Kumbe ilikuwa kivuli.

Lakini si hilo linalonisumbua. Barabara haijafika, Vale. Kila asubuhi natoka naangalia upande wa soko, sioni tingatinga wala mtu wa futi kamba. Mulwa ameanza kunicheka tangu niwaambie majirani X ni ya barabara. Ana mikwaju miwili yenye X, na kila akipita ananyoosha mikono kama mtu anayeendesha usukani. Wengine wanasema nilimkatia mwanangu makaa tu, na nikasingizia serikali. Midomo ya watu wakisema hivyo naisoma vizuri sana, hiyo hainipiti.

Kanisani hakuna anayekaa karibu na mimi. Pengine najidanganya, pengine walikuwa hawakai tangu zamani na sikuona.

Niandikie nimjibu nini Mulwa. Na uandike kwa mwandiko wa kusomeka, si ule wako wa haraka.

Mama Urbanus,
Kasyoka


Kongo, Kawangware
15 Mei 2025

Mwaitu,

Nimesoma barua yako nikiwa kwa mkokoteni na ikabidi nimwambie mteja ni moshi.

Usiwasikilize. Hukufanya kosa lolote. Wewe si mtu wa kumkatia mtu makaa, na yeyote anayekujua anajua hivyo. Ulifanya kitu cha busara.

Barabara itakuja. Mambo ya serikali huenda polepole, huku pia kuna mahali walichora X wakakaa miezi mingi watu wakacheka, na halafu asubuhi moja wakaja. Mwambie Mulwa hivyo. Mwambie X haichorwi bure, na wale wanaocheka ndio huwa wanalia.

Nakutumia unga wa mtama, mafuta, na leso. Kalekye amechora picha yako. Mwezi wa nane shule zikifungwa nataka nije mwenyewe, tukae, tuongee. Kuna mambo ya kuongea yasiyoingia kwa karatasi.

Uji unaenda vizuri, usijali ukwaju.

Wako anayekupenda,
Valentine


Kathumulani
8 Juni 2025

Mwanangu Valentine,

Barua yako ilifika Jumamosi ya katikati ya Mei na haina kosa hata moja. Nimeitafuta peni nyekundu nikairudisha.

Jumapili niliibeba kanisani. Nilimwomba mchungaji nafasi wakati wa matangazo, na akanipa, nadhani alidhani ni mambo ya mazishi. Nikasimama mbele pale ninapofundishia watoto nyimbo, nikavaa miwani, nikaisoma yote kwa sauti, nikiwageuzia kwa Kikamba. Sikusikia sauti yangu lakini niliona nyuso zao. Nikawaeleza habari za Kibera, ulivyotoka na mimba na godoro. Nikawaeleza saluni na kioo kipya. Nilipofika pale pa wanaocheka ndio huwa wanalia, Mulwa aliangalia chini.

Na nikawaambia jambo lingine, Vale, ambalo sikuwa nimemwambia mtu ila wewe. Niliwaambia kwamba siku ile ya rangi wale watu waliongea na mimi, na sikuwasikia, kwa sababu mimi ni kiziwi. Nilisema neno hilo mbele ya kanisa zima. Beth wa kwaya alikuja akanishika, na tangu hapo mtu akitaka kusema na mimi anakaa karibu na kusema polepole. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

Jumatatu watu walianza kuja. Walikaa kwenye kisiki changu wakaniuliza: nani wa kuita, msumeno unatoka wapi, tanuri linafukiwaje lisiwake moto. Nikawaeleza yote kama Urbanus alivyofanya. Nilizunguka na goti langu nyumba kwa nyumba, hata huko bondeni, mpaka kila mwenye X akawa amesikia kwangu. Nilikuwa na deni la kuwapa habari na nimelilipa.

Mikwaju yote imeshuka. Kumi. Mulwa alikuwa wa mwisho, alikata yake miwili jana, alilia akanishika mkono akanishukuru. Wanasema misumeno ilikuwa inalia bonde zima wiki mbili. Mimi niliona moshi tu, mwingi, kila upande. Ukwaju ulikuwa umebaki kidogo sana kuiva, watoto wanakula uliochubuka na midomo imewatoka vidonda. Sasa nikisimama mlangoni naona mpaka soko, kitu ambacho sijawahi kukiona tangu niolewe hapa, maana kulikuwa na miti katikati.

Sijui tutakula nini mwezi wa nane. Hakuna anayejua. Lakini hatukuibiwa, na hilo wanalisema wote, kwamba kama si mke wa Urbanus tungeamkia mashimo. Wamenituma nikushukuru. Beth anataka kumwita mtoto wake Valentine.

Wana ombi moja. Wamekata kila kitu na sasa wanataka kujua siku. Wananiuliza mimi, kila mtu, wanakaa karibu na kusema polepole: barabara inafika lini? Niulizie huko mjini, uniandikie upesi.

Mama yako,
Kasyoka